Kiyoyozi cha Chumba: Kukichagua, Kukitunza na Kuzijua Ila Zake

Miezi ya kaskazi inapoingia, tangu Desemba hata Machi, watu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hulala katika jasho, na siku hizi nyumba nyingi zimenunua kiyoyozi, aghalabu kwa ajili ya mzee aliye mgonjwa au mtoto mchanga. Ni chombo cha thamani, wala gharama yake haiishi dukani, kwani umeme wake hulipwa kila mwezi. Kwa hiyo twaona yafaa kuieleza habari yake kwa urefu kidogo, maana wenye kukinunua ni wengi kuliko wenye kukijua, na fundi asiye mwaminifu hula katika ujinga huo.

Kwanza yapasa kufahamu ya kuwa kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulihamisha joto la chumba na kulitupa nje. Ndani ya mabomba yake mna gesi izungukayo. Ikiwa majimaji, huingia katika sehemu ya ndani na kugeuka mvuke, na katika kugeuka huko hulinyonya joto la chumba. Kisha kompresa huishindilia na kuipeleka sehemu ya nje, ambako huliacha joto lile na kurudi majimaji tena. Huzunguka hivyo mwaka baada ya mwaka bila kupungua. Ewe msomaji, lishike neno hilo la "bila kupungua", maana tutalirudia.

Kazi yake ya pili, ambayo wengi hawaitambui, ni kuikausha hewa. Willis Carrier, mhandisi wa Marekani, alipoubuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902, hakuwa akitafuta raha ya watu. Ulikuwa wa kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, ambamo unyevu wa hewa ulizifanya karatasi kutanuka na kunywea hata rangi zisipate kukaa mahali pake. Nasi watu wa pwani adui wetu ni yule yule. Joto la digrii 32 si kubwa kushinda la nchi nyingine. Linalotutaabisha ni unyevu, kwa kuwa jasho halikauki mwilini. Maji yale yatokayo katika mpira wa kiyoyozi ndiyo unyevu uliotolewa chumbani, na hata kwa chumba cha kulala yaweza kufikia lita moja kwa saa.

Hapa ndipo tuonapo kosa la wanunuzi. Mtu humwambia muuza duka, "Nipe kilicho kikubwa," akidhani kwamba amejipatia usalama. Kiyoyozi kilichozidi chumba hukipoza kwa dakika chache kikatulia, kabla hakijapata wasaa wa kuutoa unyevu. Chumba huwa baridi na chepechepe mfano wa pango, shuka zikanata mwilini, kuta zikaota ukungu. Baada ya kitambo huwaka tena, kikatulia tena, na kule kuwaka na kuzima mara kwa mara ndiko kuichakazako kompresa. Kilicho kidogo mno nacho hufanya kazi usiku kucha bila kuufikia ubaridi unaotakiwa. Lakini kwa rai yetu, mwenye kusita baina ya vipimo viwili vilivyokaribiana, na chumba ni cha kulala, naachukue kile kidogo.

Kipimo chenyewe huitwa BTU kwa saa. BTU 12,000 ndizo tani moja, jina lililobaki tangu zama ambazo watu walipoza kwa barafu: ni joto litoshalo kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa siku moja. Maduka yetu hutaja pia nguvu za farasi. 1 ni kama BTU 9,000, 1.5 ni 12,000, na 2 ni 18,000. Basi chukua utepe ukipime chumba chako. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha uzidishe kwa 600, ambayo ni hesabu waanziayo mafundi wengi wa nchi za joto. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita za mraba 14, nazo zataka BTU 8,400. Kiyoyozi cha 9,000 chatosha kwa watu wawili. Kila mtu wa tatu na kuendelea mwongezee BTU 600. Ikiwa jua la alasiri lapiga ukutani au dirishani, ongeza sehemu moja ya kumi. Ikiwa mwembe wakifunika chumba kwa kivuli, punguza kadiri hiyo. Sebule iliyo wazi kwa jiko yataka 4,000 zaidi. Ama chumba kilicho chini ya mabati bila dari, tusidanganyane: kukitilia kiyoyozi ni kuteka maji kwa pakacha. Dari ni fedha kidogo kuliko kiyoyozi kikubwa, nayo haili umeme. Itangulie.

Chombo kikiisha kufika, kipewe waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, pamoja na swichi yake. Waya wa kuungaunga upitao chini ya zulia hushika moto, na moto wa namna hiyo huanza watu wakiwa usingizini. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika 3 hivi kabla ya kukiwasha, ili mgandamizo wa gesi upungue. Kilinzi cha umeme kinachochelewesha chafanya kazi hiyo chenyewe. Kisha kiwekwe digrii 24 au 25. Wapo waiwekao 16 wakitumaini kupoa upesi. Kwa viyoyozi vingi vya kawaida mwendo ni ule ule, tofauti ni kwamba havitulii.

Utunzaji wake hauhitaji elimu kubwa. Kizime ukutani, fungua kifuniko, toa chujio, lioshe kwa maji na sabuni laini, lianike kivulini, ulirudishe likiisha kukauka. Katika miji yetu yenye vumbi, kila wiki mbili ndiyo desturi njema, na kijana wa miaka 12 aweza kukabidhiwa kazi hiyo. Sehemu ya nje nayo huliwa na chumvi ya bahari, khasa nyumba zilizokabili mawimbi. Kila baada ya miezi michache izimwe kabisa, isafishwe taratibu kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu, wala isizibwe kwa masanduku au nguo za kuanika, maana ikikosa pumzi joto litatupwa wapi?

Jambo moja lawahusu wapenda udi. Viyoyozi hivi vya kawaida haviingizi hewa mpya. Huizungusha hewa ile ile ya chumbani. Chetezo chenye makaa kikiachwa katika chumba kilichofungwa, makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo yaweza kuwaua waliolala. Fukizeni madirisha yakiwa wazi, mtoe chetezo, ndipo mfunge.

Sasa tuje kwenye ila. Maji yakidondoka ndani, aghalabu mpira wa kutolea umezibwa na utelezi, nao huzibuliwa. Barafu ikionekana katika mabomba, zima ubaridi, acha feni iende mpaka iyeyuke, kisha oshe chujio. Ikiwa hewa yavuma lakini haipozi, katazame nje: feni haizunguki na chombo changuruma? Huenda ni kapasita, kifaa cha bei ndogo, ila mwachie fundi, kwa kuwa hushika umeme hata baada ya kuzimwa. Chukua pia kipimajoto cha kawaida, upime hewa inayoingia na inayotoka baada ya robo saa. Tofauti ya digrii 8 hadi 12 yaonyesha kwamba kiyoyozi hakina neno.

Fundi akija na mtungi akasema, "Gesi imekwisha, ndiyo kawaida yake kila mwaka," mkumbushe ya kuwa gesi haitumiki kama mafuta ya taa. Ikiwa imepungua, imevuja. Mwenye amana hutafuta tundu, akaliziba, akaondoa hewa mabombani kwa pampu, ndipo akajaza kwa kupima uzito ulioandikwa kwenye kibao cha chombo. Mwenye kujaza bila kutafuta tundu atarudi kaskazi ijayo, nawe utalipa tena. Isome na aina ya gesi katika kibao hicho hicho. Kama ni R-22, hiyo huharibu tabaka la ozoni, na kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zetu zaiondoa kidogo kidogo, karibu yote ifikapo 2030. Chombo chake kikongwe kinachovuja si cha kugharamiwa. Kama ni R-32, yaweza kuwaka moto, basi fundi asichomelee bomba kabla hajaitoa yote.