Kabla ya Kununua Mashine ya Kufyonza Vumbi

Nyumba ya pwani haikosi mchanga. Huingia kwa viatu na kwa upepo, kisha ukazama ndani ya zulia, na kila likanyagwapo chembe zake huzikwangua nyuzi. Ufagio huondoa ule wa juu tu. Mashine ya wima, mfano wa zile za mahotelini, ina brashi izungukayo inayoutoa mchanga chini kabisa.

Akina mama, bei nafuu ni neema, lakini rahisi huvunja upishi. Kwanza, someni kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni volti 240. Mashine ya mtumba iliyoundiwa Marekani hutaka volti 120, nayo huweza kuungua mara ichomekwapo. Pili, wingi wa wati usiwahadae: wati ni kipimo cha umeme utumiwao, si cha nguvu ya kufyonza. Tatu, ulizeni mkanda wa brashi na mifuko ya vumbi hupatikana wapi na kwa bei gani, kwani hivyo ndivyo vihitajivyo kubadilishwa mara kwa mara. Nne, inyanyueni papo hapo dukani, hasa mkaao ghorofani.

Penye mgonjwa wa pumu, ichaguliwe yenye mfuko na chujio la HEPA, maana kumwaga vumbi kutoka kikombe cha mashine hulirudisha hewani. Penye mikeka na vigae, iwe na swichi ya kuizima brashi.

Na mwenye busati moja dogo hahitaji mashine. Alikung'ute nje, aliweke juani, na fedha zake azihifadhi kwa karo ya watoto.