Ukifika Dambulla, vua viatu na uchunge mgongo wako

JE, msomaji, umewahi kuingia katika nyumba ya ibada ya watu wengine ukawa hujui hata mikono yako uiweke wapi? Mimi yalinipata nchini Sri Lanka, katika mapango ya Dambulla, na ikiwa siku moja nauli itapatikana nawe ufike huko, nisingependa uaibike nilivyoaibika mimi.

Sri Lanka ni kile kisiwa kilicho kusini mwa India ambacho wazee wetu walikijua kwa jina la Ceylon hadi lilipobadilishwa mwaka wa 1972. Wenyeji wake ni washindani wetu katika soko la majani chai. Wapenzi wa kriketi nao hawajasahau jinsi vijana wetu walivyowalaza papa hapa Nairobi katika Kombe la Dunia la 2003. Nilijaribu kujigamba kwa ushindi huo mbele ya dereva wa tuktuk. Lakini wapi! Alinijibu kwa zile alama 398 walizotupiga kule Kandy mwaka wa 1996, nami nikanyamaza hadi mwisho wa safari.

Dambulla iko kilomita 72 kaskazini mwa Kandy. Hapo umesimama mwamba mmoja mkubwa mno, wenye kimo cha mita 160 hivi juu ya tambarare. Chini yake utaona sanamu kubwa ya Buddha inayometameta kwa rangi ya dhahabu. Wageni wengi huipiga picha wakadhani wamemaliza. La hasha! Hiyo imejengwa juzi tu. Kilichokuleta kiko huko juu, na njia ya kukifikia ni vidato vya mawe. Wahi asubuhi kabla jua halijakomaa, nunua tikiti kwanza, na usipande huku unakula ndizi, maana tumbili wa pale hawaombi, wananyakua.

Juu kuna mapango matano yaliyogeuzwa kuwa hekalu. Masimulizi ya wenyeji husema kuwa katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, mfalme Valagamba alifurushwa na wavamizi kutoka mji wake mkuu wa Anuradhapura, akajificha katika mapango hayo kwa miaka 14. Aliporudi katika kiti chake hakuyasahau mawe yaliyomsitiri, akayafanya mahali pa ibada. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mfalme Nissanka Malla aliamuru sanamu zipakwe dhahabu. Katika karne ya 18, mfalme Kirti Sri Rajasinha akaongeza pango jingine na kuwaita wachoraji. Kuta nyeupe unazoziona kwa nje ni za mwaka wa 1938, na Shirika la UNESCO liliingiza mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1991.

Langoni unavua viatu na kofia. Kuvua viatu si jambo geni kwa sisi tuliokulia karibu na misikiti. Hata hivyo, uwanja wa mapangoni ni wa mawe matupu, na ikifika adhuhuri mawe hayo huwa kikaango. Niliona Wazungu wakirukaruka kama njugu. Beba soksi nzito, zinaruhusiwa. Viatu utamwachia mwangalizi kwa ada ndogo. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na kwa wanawake. Wenyeji wenyewe huja wamevaa nguo nyeupe, hasa siku ya mwezi mpevu, ambayo kwao ni sikukuu ya kitaifa kila mwezi.

Pango la kwanza ni jembamba, na ndani yake Buddha amelala kwa ubavu, mita 14 za mwili uliochongwa katika mwamba ule ule. Nyayo zake zimepakwa rangi nyekundu. Hapo ndipo Wabudha hukumbuka kufariki kwake, kwa hiyo usishangae ukiona watu wamesimama kimya kama walio matangani.

La pili ndilo kubwa kuliko yote, lina urefu wa mita 52 hivi. Mimi niliingia nikasahau kuufumba mdomo. Dari lote, jinsi lilivyopinda na kubonyea, limechorwa picha hata ungedhani ni kitambaa kilichotandikwa juu ya mwamba. Sanamu zimejipanga kandokando, na miongoni mwake wamo wale wafalme wawili, Valagamba na Nissanka Malla. Kwenye upande mmoja maji hudondoka kutoka darini, tone baada ya tone, yakakingwa kwa chombo. Wenyeji husema hayakauki hata wakati wa kiangazi, na hutumiwa kwa ibada tu. Usiyatie kidole.

Basi nilitoa simu yangu, nikageuka, nikaipa sanamu mgongo na kutabasamu ili nijipige picha. Mlinzi alikuja upesi lakini kwa upole, akanishika kiwiko. "Kumpa Buddha mgongo ili upige picha," akasema, "ni kumdharau." Nilipotazama mbele yangu nikaona nyanya mmoja mwenye nguo nyeupe na mjukuu wake, wameshika maua ya yungiyungi. Kumbe walikuwa wakinisubiri muda wote huo niondoke njiani ili wapate kuomba. Ajuza wa watu alikuwa amepanda vidato vyote vile kwa miguu yake mitupu, kisha akazuiwa na mtalii anayejitazama kwenye kioo cha simu!

Niliifuta ile picha mbele yao. Nyanya hakukasirika. Alichomoa ua moja akanipa ili nami niliweke mezani. Nami, kwa mazoea yetu ya nyumbani, nikalinusa kwanza. Yule mtoto alicheka hadi akaziba mdomo. Baadaye mlinzi alinieleza kuwa ua la sadaka halinuswi, kwani ukilinusa umekwisha kujitwalia manukato yake. Nyanya alilichukua lile ua langu, akanipa jingine.

Usidhani haya ni mambo ya kuchekwa tu. Mwaka wa 2012, watalii watatu Wafaransa walihukumiwa na mahakama ya nchi hiyo kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa, baada ya kupiga picha wakijifanya kubusu sanamu ya Buddha. Mwaka wa 2014, Mwingereza mmoja alizuiliwa na kufukuzwa nchini kwa sababu ya chale ya Buddha mkononi mwake. Kwa maoni yangu hapo maafisa walipita kiasi, na Mahakama ya Juu ya huko ilimpa fidia mwaka wa 2017. Lakini ni nani anayetaka likizo ya mahakamani?

Kwa hiyo piga picha za michoro bila mwanga mkali, na usiguse ukuta, kwa kuwa mafuta ya vidole huila rangi. Ukiketi, usielekeze nyayo kwenye sanamu. Dada zangu, mtawa mwenye joho la rangi ya machungwa msimguse wala msimpe kitu mkononi; kiwekeni mahali akichukue mwenyewe. Na ukikuta mtu anaomba, simama nyuma yake. Mapango yamengoja miaka elfu mbili, hayatakimbia.

Nilipokuwa nikivaa viatu vyangu langoni, nyanya yule alipita akishuka taratibu, mkono mmoja begani mwa mjukuu. Mtoto aligeuka, akainua ngumi iliyokunjwa hadi puani kana kwamba ameshika ua, akavuta pumzi kwa nguvu, kisha akakimbia.