Trekta Dogo Likikataa Kuwaka

 

Leo nina neno na wewe mwenye trekta dogo la dizeli, lile kuukuu ulilolinunua likiwa limekwisha kutumika. Labda shamba lako liko Bunju au Mabwepande, upande wa Kinondoni. Labda uko Chamazi au Toangoma, upande wa Temeke. Masika imeingia, udongo umelainika, mbegu iko ndani. Unazungusha ufunguo: kimya!

Sasa ufanyeje? Wengi wetu hukimbilia dukani kununua betri mpya. Betri inafungwa, na trekta bado kimya. Fedha imekwenda, na mvua haimngoji mtu. Basi ndugu, tuanze kwa kuutafuta ugonjwa, dawa ije baadaye.

Kwanza usalama. Weka gia katika fri, vuta breki ya mkono, zima sigara, maana betri hutoa gesi inayolipuka. Na kamwe usiiwashe stata kwa kuipiga shoti na bisibisi ukiwa umesimama chini. Gia ikiwa imeingia, trekta litaondoka na kukupanda wewe mwenyewe.

Haya, washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo huku ukizitazama.

Taa zikizimika au zikififia sana, umeme hautoshi. Lakini usiilaumu betri upesi. Hapa kwetu pwani hewa ina unyevu na chumvi, na vichwa vya betri huota ukungu mweupe au wa kijani. Ukungu huo huzuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Osha kwa maji ya moto, kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, paka grisi juu. Ufuate pia ule waya mnene wa hasi hadi unapofungwa kwenye chuma cha trekta. Hapo napo pana kutu mara nyingi. Ukiisha, pima betri kwa mita. Ikiwa imejaa na imepumzika, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya 12, ipeleke ikachajiwe kabla ya kuitupa.

Taa zikiendelea kung'aa na stata iko kimya, betri haina kosa. Tazama fyuzi, waya mwembamba unaokwenda kwenye stata, na swichi ya usalama iliyo karibu na klachi au gia. Matrekta mengi hayawaki mpaka klachi ikanyagwe.

Je, stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki? Basi acha mambo ya umeme kidogo, tazama moshi. Usiizungushe stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja; ipumzishe, isije ikaungua.

Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki. Je, kishikio cha kuzimia kimerudishwa? Koki ya tangi imefunguliwa? Dizeli ya kwenye madumu huwa na maji na uchafu. Mwaga kilichotuama katika chujio, au badilisha chujio. Kisha toa hewa: legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio, acha dizeli itoke mpaka mapovu yaishe, kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli.

Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika lakini haiungui. Angalia hita za injini na chujio la hewa. Hapo napo pakiwa sawa, mwite fundi. Huenda pistoni zimechoka.

Trekta likiwaka, usiondoke bado. Pima betri injini ikizunguka. Mita isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi, na kesho utakwama tena. Zima injini, bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ukizama sana, ukaze.

Hata fundi akihitajika, utamweleza ulichokiona, naye hatakuuzia kipuri kwa kubahatisha. Fanya ukaguzi huu mwezi wa Februari, kabla mawingu hayajakusanyika.

Kwaheri, ndugu mkulima, na kazi njema.