Kupanga mashine za useremala katika karakana ya nyumbani

Mashine za useremala hupangwa kwa kufuata safari ya ubao. Ubao huingia karakanani ukiwa mrefu, mchafu na umejipinda. Hutoka ukiwa mguu wa kiti, fremu ya mlango au ubavu wa kabati. Katikati hapo una vituo vyake: kukatwa, kunyooshwa, kusawazishwa unene, kupasuliwa kwa upana, kutobolewa, kuunganishwa na kupigwa msasa. Mashine iliyowekwa nje ya njia hiyo humfanya seremala abebe mzigo uleule huku na huko siku nzima.

Katika vijiji vya bonde la mto Ruzizi nchini Kongo kama Katogota, kati ya Kamanyola na Luvungi kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, karakana ya nyumbani mara nyingi ni banda la mabati ndani ya parseli, hatua chache tu kutoka jikoni na mahali watoto wanapocheza. Nafasi ni ndogo, lakini banda lina faida ambayo chumba cha kuta nne hakina: upande mmoja au miwili inaweza kuachwa wazi.

Kituo cha kwanza ni ghala la mbao, na mahali pake ni karibu na mlango. Mikaratusi na miti mingine inayopasuliwa milimani mara nyingi hufika bondeni ikiwa bado na maji, nayo hujipinda na kupasuka ikikauka upesi katika joto. Hupangwa kivulini juu ya magogo au matofali ili mchwa na unyevu wa ardhi visiifikie, na vijiti vya unene mmoja huwekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite.

Msumeno wa mviringo wa mezani ndio unaodai nafasi kubwa kuliko mashine zote. Ubao wa mita 4 unahitaji mita 4 mbele ya meno kabla ya kukatwa, na mita 4 nyuma yake ukishapita. Ukiwekwa katikati ya banda la mita 6, ubao huo utagonga ukuta kabla haujaisha. Dawa yake ni kuuelekeza msumeno mlangoni, ubao usukumwe kutoka ndani na ncha yake itokee uani. Banda likiwa fupi zaidi, msumeno huwekwa kimshazari, kutoka pembe hadi pembe.

Mashine ya kunyoosha na ile ya kusawazisha unene hukaa jirani, kwa sababu ubao hutoka kwenye moja na kuingia moja kwa moja kwenye nyingine. Zote mbili hupokea ubao kwa urefu wake, hivyo huelekezwa upande uleule na msumeno ili zitumie uwazi mmoja. Msumeno wa utepe, keekee ya kusimama na mashine ya kukereza hushughulikia vipande vifupi zaidi. Hizo zinaweza kuegemea ukuta. Mwenye mashine moja iliyounganisha msumeno, randa na kitoboleo huiweka katikati, kwa kuwa huhudumiwa kutoka pande zote.

Kimo nacho hupangwa. Meza ya kazi ikilingana kabisa na meza ya msumeno, au ikiwa chini yake kwa milimita chache, huupokea ubao unaotoka na kumwondolea seremala haja ya msaidizi wa kuushika. Kati ya mashine na mashine hubaki njia ya sentimita 80 au zaidi, mtu apite bila kumgusa anayekata. Njia hiyo isipite nyuma ya msumeno wala mbele yake, kwa maana ubao ukibanwa na meno huweza kurudishwa kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Kwa sababu hiyohiyo anayekata husimama kando kidogo ya mstari wa meno.

Umeme huamua mengi. Bwawa la Ruzizi II, linalomilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, lipo juu kwenye mto Ruzizi, lakini nyumba nyingi za bondeni bado hazina nyaya, na zenye nyaya hukatikiwa mara kwa mara. Mota ya kilowati 2.2 inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, kwa hiyo jenereta lazima iizidi mota kwa mbali, na mashine ziwashwe moja moja. Waya mrefu na mwembamba huifanya mota ilegee na kuchemka; mashine nzito ndizo zinazokaa karibu na chanzo. Jenereta hukaa nje, moshi wake uelekee mbali na nyumba, kwani una gesi ya kuua isiyo na harufu. Umeme ukikatika, kila swichi izimwe mara moja, la sivyo msumeno utajiwasha wenyewe umeme ukirudi. Swichi ya sumaku, ambayo hubaki imezimika mpaka ibonyezwe tena, huondoa hatari hiyo.

Vumbi la mbao si uchafu wa kufagia tu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi hilo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Mashine zenye vumbi jingi huwekwa upande ambao upepo hutokea ukitoka bandani, si upande unaovumia jikoni. Mashine ya kuranda hufikia kelele za desibeli 100, ilhali masikio huanza kudhurika kwa kazi ya siku nzima katika desibeli 85. Vizibo vya masikio na barakoa vitundikwe penye swichi, mkono uvikute kabla ya kuwasha.

Sakafu iwe ya saruji, tambarare, na imeinuliwa juu ya uwanja, maana mvua za bondeni hujaza parseli kwa muda mfupi. Kabla ya kufunga boliti hata moja, seremala achore kila mashine sakafuni kwa chaki, achukue ubao mrefu alio nao, na autembeze kutoka ghalani hadi meza ya mwisho. Pale utakapogonga, ndipo mpango urekebishwe. Chaki hufutika, saruji iliyotobolewa haizibiki vizuri.