Rovu la Idjwi: Homoni, Neva na Ubongo wa Mtoto

Neno mshipa katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa. Hutajwa kwa njia ya damu, kwa kano, na pia kwa uzi upelekao habari kati ya ubongo na viungo. Vitabu vya sayansi vimeupa uzi huo jina la neva, na tofauti hiyo ina faida, kwa maana mwili una njia mbili za kupashana habari. Aliyekanyaga kaa la moto huinua mguu kabla hajatamka neno: hiyo ni kazi ya neva. Homoni hazina haraka hiyo. Hutoka katika tezi, huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima, lakini huitikiwa tu na seli zenye kuzitambua.

Kwamba njia hizi mbili hutegemeana, kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu kimelionyesha kwa uchungu.

Tezi ya shingo, iliyo mbele ya koo, hutengeneza homoni iitwayo thairoksini. Kila molekuli yake ina atomu nne za iodini, na iodini mwili hauwezi kuiunda. Sharti itoke katika chakula. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Thairoksini ikipungua, tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo hutambua upungufu huo, nayo hutuma homoni yake kuihimiza ile ya shingo. Ya shingo hutii kwa kukua. Uvimbe huo ndio rovu, na kwa hakika ni alama ya tezi inayojitahidi, wala si ya tezi iliyolala.

Watafiti waliofanya kazi Idjwi katika miaka ya 1960, akiwamo daktari Mbelgiji François Delange, walikuta jambo la kushangaza. Iodini ilikuwa haba pande zote za kisiwa, lakini rovu lilienea kaskazini na kuwa adimu kusini-magharibi. Tofauti ilikuwa katika chakula: kaskazini muhogo uliliwa zaidi. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sianidi. Ini huigeuza kuwa thiosianati, isiyo sumu kali, ila hushindana na iodini mlangoni mwa tezi. Mwenye iodini ya kutosha hustahimili. Mwenye chache hupokonywa hata hiyo.

Shingo iliyovimba si hasara iliyo kubwa. Katika miezi ya kwanza ya mimba, tezi ya mtoto haijaanza kazi, na ubongo wake hutegemea thairoksini ya mama. Ikikosekana, seli za neva hazifiki mahali pake wala hazitoi matawi ipasavyo. Idjwi walionekana watu waliobaki wafupi mno, wenye ngozi kavu na akili iliyodumaa. Kwingineko duniani upungufu huo huo huzaa zaidi uziwi na ulemavu wa miguu. Dawa apewayo mtoto baadaye hairudishi kilichokosekana tumboni.

Kinga ilikuja kwanza kwa sindano za mafuta yenye iodini, kisha kwa chumvi yenye iodini, iliyoenea nchini tangu miaka ya 1990. Chumvi hiyo huipoteza iodini ikiachwa wazi juani au penye unyevu. Kwa hiyo hufunikwa, na hutiwa chunguni chakula kikikaribia kuiva.