Trinidad: Ngoma ya Maombolezo Kando ya Bahari

Ukitajiwa visiwa vya Karibiani aghalabu hukumbuka karnivali, kalipso na kriketi. Hayo Trinidad yapo tele. Hata ile ngoma ya chuma waliyoibuni kwa mapipa ya mafuta ilitangazwa ala ya taifa mwaka 1992. Lakini mimi niliyelelewa chuoni, nikasikia tangu utotoni wazee wakibishana kama tari linafaa kupigwa katika maulidi au halifai, kilichonivuta kwa miaka mingi katika habari za kisiwa hicho ni ngoma nyingine. Hiyo hulia mwezi wa Muharram.

Waislamu Trinidad ni wachache, kama watano katika kila watu mia. Wengi wao asili yao ni Bara Hindi. Baina ya 1845 na 1917 Waingereza waliwachukua Wahindi wapatao 144,000 kwa mikataba, kuja kukata miwa baada ya watumwa Waafrika kupewa uhuru. Desturi zao utazijua bila ya mkalimani. Asubuhi watu husimama barabarani wakila maandazi membamba mawili yaliyotiwa dengu za rojo, kama sisi na mahamri yetu kwa mbaazi. Siku ya Idi, ambayo ni sikukuu ya serikali, nyumba zapikwa tambi za maziwa na sukari. Na jioni? Jioni ni baraza. Wao kukaa na kupiga soga bila ya haja yoyote wamekupa jina linaloandikwa sawasawa na ndimu, na hakuna anayeona haya kusema kwamba kutwa nzima alikuwa katika shughuli hiyo.

Sasa turudi kwenye Muharram. Wao huita Hosay, na jina hilo ni Husein, mjukuu wa Mtume (S.A.W.) aliyeuawa Karbala. Wengi wa Waislamu wa kisiwa ni Sunni, lakini mtaani St James, Port of Spain, na kule Cedros kusini, ziko jamaa chache ambazo kizazi baada ya kizazi hujenga taazia: makaburi ya mfano, ya mianzi, mbao na karatasi za rangi, marefu kumshinda mtu. Kazi huchukua wiki kadhaa. Wajenzi hufunga, hawali nyama, hawagusi ulevi, wala hawawakaribii wake zao. Hubebwa pia miezi miwili, mwekundu kwa damu ya Husein na wa kijani kwa sumu aliyopewa Hasan. Kila mmoja huchukuliwa begani na mwanamume mmoja, naye huuzungusha. Ngoma zao, tassa, ni za chungu zilizowambwa ngozi ya mbuzi. Huwashiwa moto pembeni, na ngozi ikilegea hukanzwa mpaka ilie kwa ukali. Mpiga ngoma wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Ngoma hiyo imegharimu roho za watu. Mwaka 1884 serikali ya kikoloni, iliyokwisha kutiwa hofu na ghasia za karnivali na migomo ya mashambani, ilipiga marufuku maandamano ya Hosay kuingia mijini. Wahindi waliandika kuomba ruhusa, na walioiomba walikuwamo Mabaniani pia, kwani Hosay ilikwisha kuwa ya wakata miwa wote. Walikataliwa. Tarehe 30 Oktoba, siku yenyewe ya Ashura, walitoka mashambani na taazia zao kuelekea San Fernando. Polisi na askari wakawamiminia risasi. Hesabu itajwayo mara nyingi ni wafu 22 na majeruhi zaidi ya 100. Gavana wa Jamaica, Sir Henry Norman, akaletwa kuchunguza. Akaona wakubwa wa serikali hawana lawama.

Siku hizi hakuna anayewazuia, na taabu imegeuka sura. Maelfu ya watu wa kila dini hujaa barabarani, wengine na chupa mkononi, wakicheza kama kwamba ni karnivali ya pili. Baadhi ya masheikh wa kisiwa husema jambo lote ni uzushi. Jamaa za St James nao husema: yatazameni yaliyomo uani kwetu, msiyatazame ya mlevi aliyeko njiani.

Mimi kwa mafunzo yangu sitopiga ngoma siku ya msiba, wala sitamhimiza mtu apige. Lakini mkono unaniwia mzito kuwaandikia wale kuwa ni watu wa mchezo tu. Mtu aliyefunga siku nyingi, akachana mianzi usiku kucha, hakutafuta tafrija.

Na msisahau mwisho wake. Taazia ile, iliyokula fedha na usingizi wa watu, hairudishwi nyumbani ipambe ukumbi. Siku chache baada ya Ashura huvunjwa, ikapelekwa pwani, ikatupwa baharini.