Kulifanya Gari Livute kwa Magurudumu Manne

Mkulima wa Kilosa na Mikumi, wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga ya Mkata hunasa magurudumu, na mzigo hulala njiani. Hapo wengi hutamani gari livute kwa magurudumu yote manne.

Jambo hilo lawezekana. Mwaka 1935 kiwanda cha Marmon-Herrington, huko Indianapolis, Marekani, kilianza kuyageuza hivyo malori ya Ford. Lakini si kazi ndogo. Yatakiwa ekseli ya mbele yenye difu na viungo vinavyoliwezesha gurudumu kuvuta huku likikata kona. Tena giaboksi ya pili ya kugawa nguvu, na shafti ya kuipeleka mbele.

Kabla ya kutoa fedha, mwulize fundi: je, uwiano wa meno ya difu ya mbele na ya nyuma ni sawa? Usipolingana, ekseli zitashindana mpaka kitu kivunjike. Kwenye lami kavu, vuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Kumbuka pia kwamba magurudumu manne hayaongezi nguvu ya breki.

Ikiwa njia yako huharibika siku chache tu kwa mwaka, heri ununue minyororo ya magurudumu, upunguze mzigo, na usubiri njia ikauke.